ILCA au RS Aero? Ulinganisho kwa anayetafuta boti ya resi ya mtu mmoja

Siku ya bamvu, pwani yetu ya Dar es Salaam, maji hupwa kabisa kunako saa nne asubuhi, saa ileile ambayo watu wanataka kutoka kwenda kwenye mstari wa kuanzia resi. Bahari imerudi mbali. Mbele yako kuna mchanga laini, vidimbwi na mwani, na boti iko juu ya toroli ambalo magurudumu yake yanazama kila hatua. Nimevuta Laser, boti ambayo siku hizi inaitwa ILCA, peke yangu kwenye mchanga huo miaka mingi. Nikifika majini mikono inatetemeka kabla hata sijatweka tanga.

Kisha nikapata kazi Uingereza, na kwa msimu mzima nikawa napanda RS Aero ya klabu kwenye bwawa la maji. Siku ya kwanza nilishika omo, sehemu ya mbele ya boti, kuinyanyua kwa nguvu niliyoizoea, ikanifuata mkononi kama ndoo isiyo na maji. Nilisimama pale nimeishika, nikaukumbuka ule mchanga wa nyumbani.

Tangu nirudi, watu wananiuliza swali moja: kama nina pesa ya boti moja, ninunue ipi? Nimeshawajibu wengi kwa mdomo. Hapa naandika kwa kirefu.

Lakini kwanza tukubaliane tunachokitafuta. Hizi zote mbili ni boti za umbo moja: kila boti ya aina hiyo imetoka kwenye kalibu inayofanana, ina tanga la kipimo kilekile, mlingoti uleule, uzito uleule. Huruhusiwi kukata tanga lako liwe kubwa kidogo wala kuipunguza boti uzito. Aliyefika mwanzo amefika mwanzo, na tofauti kati yako na yeye ni mkono na jicho. Ndiyo raha yake. Na ndiyo maana unaponunua boti ya umbo moja unanunua pia watu wa kushindana nao. Kama huna mwenzako mwenye boti kama yako, ulichonunua ni chombo cha kutembelea. Nitalirudia hili mbele, kwa sababu ndilo linaloamua.

Zilikotoka

Laser ilianza mwaka 1969 kwa simu. Ian Bruce wa Kanada alimpigia mchoraji Bruce Kirby akitaka boti ndogo inayobebeka juu ya gari, iuzwe pamoja na vifaa vya kupigia kambi. Kirby akaanza kuichora wakiwa bado wanaongea. Hans Fogh akashona tanga. Boti ya majaribio ilishindanishwa Wisconsin, Marekani, Oktoba 1970, na Januari 1971 ikaonyeshwa New York. Tangu hapo zimetengenezwa zaidi ya 200,000. Iliingia Olimpiki mwaka 1996 kule Atlanta, na tanga lake la kati, kati ya matanga yake matatu ya ukubwa tofauti, likawa la wanawake kuanzia michezo ya 2008. Mwaka 2019, baada ya mgogoro wa alama ya biashara, boti mpya zikaanza kuitwa ILCA, yaani herufi za chama cha kimataifa cha boti hiyo. Umbo halikubadilika. Laser ya zamani iliyotoka kwa mtengenezaji aliyeidhinishwa inashindana na ILCA ya mwaka huu bila shida.

RS Aero ni mtoto mbele yake. Jo Richards aliichora, kampuni ya RS Sailing ya Uingereza ikaitoa mwaka 2014. Machi 2019 chama cha dunia, World Sailing, kiliita majaribio Valencia, Hispania, kutafuta boti ya mtu mmoja ya Olimpiki, na Laser, RS Aero, D-Zero na Melges 14 zikawekwa majini pamoja. Jopo la tathmini likapendekeza RS Aero. Baraza likapiga kura Mei mwaka huohuo, likabaki na Laser. Ukitaka kujua ugumu wa uamuzi wako, anzia hapo: wataalamu walioziendesha boti zote walisema hivi, na waliofikiria nchi zote zenye mabaharia walisema vile. Kwa maoni yangu kila upande ulikuwa na haki.

Uzito

Umbo tupu la ILCA lina kilo 59. La RS Aero lina kilo 30 hivi. Ili uelewe namba hiyo, Optimist, kile kisanduku cha mita 2.3 ambacho watoto hujifunzia, kina kilo 35. Aero ina mita 4 kamili na bado ni nyepesi kuliko boti ya mtoto.

Siri ni vifaa. ILCA ni faiba ya kawaida, sitaha yake imetiwa povu gumu katikati. Aero imetengenezwa kwa faiba iliyoshikwa na gundi ya epoksi, na mlingoti wake wote ni wa kaboni. ILCA ina mlingoti wa vipande viwili; kipande cha chini cha boti nyingi utakazozikuta huku ni bomba la alumini.

Sasa tufanye hesabu ya jikoni. Chukua baharia wa kilo 80. Akikaa kwenye ILCA 7 (namba hiyo huonyesha ukubwa wa tanga) yenye tanga la mita za mraba 7.06, jumla ya boti na mtu, bila kuhesabu mlingoti na kamba, ni kilo 139. Akihamia Aero 7 yenye tanga la mita za mraba 7.4, jumla ni kilo 110. Kila kilo ya Aero inavutwa na tanga kubwa zaidi kwa karibu theluthi moja. Mpe dada wa kilo 60 ILCA 6, tanga la 5.76, halafu mpe Aero 5, tanga la 6.3: hapo tofauti inakaribia nusu. Kadiri mtu alivyo mwepesi ndivyo Aero inavyompendelea, maana kwenye ILCA yeye ndiye anayebeba mzigo wa boti nzito kuliko wote.

Ukiona hesabu hiyo unaweza kudhani Aero itaiacha ILCA kwa theluthi nzima ya mwendo. Haiko hivyo, na sababu yake ni nzuri kuijua.

Boti ikiwa ndani ya maji inasukuma wimbi omo na kuacha jingine tezi, yaani nyuma ya boti. Ikiongeza mwendo mawimbi hayo yanaachana, hadi boti nzima inakaa kwenye bonde katikati yao, omo unapanda kilima chake wenyewe. Kwa ILCA, ambayo sehemu inayokaa majini ina urefu wa mita 3.81, hali hiyo hufika kwenye noti 4.7 hivi, yaani maili 4.7 za baharini kwa saa. Aero nayo haiko mbali na hapo, maana urefu wake hautofautiani sana. Unapobisha dhidi ya upepo wa wastani boti zote mbili zimefungwa kwenye bonde hilo, na wepesi wa Aero unasaidia kidogo tu. Pale upepo unapokaa ubavuni au nyuma na boti ikapata nguvu ya kupanda juu ya wimbi lake na kuteleza, ndipo kilo 29 zinaongea. Aero inachomoka kwa upepo ambao ILCA bado inajikokota. Unasikia sauti ya maji chini ikibadilika, kana, ule mpini wa usukani, inakuwa nyepesi mkononi, umeshaondoka.

Ndiyo maana kwenye orodha ya Uingereza ya kusawazisha boti za aina tofauti, Portsmouth Yardstick, ambako namba ndogo ni ya boti ya kasi, ILCA 7 imekuwa karibu na 1100 na Aero 7 karibu na 1060. Kwa resi ya saa moja, Aero inatarajiwa kumaliza dakika mbili hivi mbele. Dakika mbili ni nyingi kwenye resi. Lakini siyo dunia mbili tofauti.

Zilivyo majini

Kwenye kusi, mwezi wa saba, ghuba ikiwa na mawimbi mafupi yaliyokaribiana, ILCA inahitaji mwili. Unaingiza miguu chini ya mkanda, unajinyoosha nje hadi mapaja yanawaka, na unaishikilia hivyo hadi boya la juu, lile la upande upepo unakotoka. Wanaoshindana kwenye mashua za Lamu, wale wanaotoka nje juu ya ubao kuizuia mashua isilale, wanaijua kazi hiyo. Wewe ndiye farumi, uzito unaoizuia boti isilale. Faida ya uzito wa ILCA inaonekana hapa: ikigonga wimbi inalipita kwa msukumo wake. Aero ikigonga wimbi hilohilo inaweza kusimama, kwa hiyo unalazimika kuipitisha kati ya mawimbi, kana inacheza muda wote. Ukiwa na jicho zuri unapata zaidi. Ukichoka unapoteza zaidi.

Aero pia ni nyembamba pale inapogusa maji. Mtu aliyezoea Laser akipanda mara ya kwanza ataiona inayumba, na akisogea vibaya itamtupa. Wiki mbili zinatosha kuizoea. Mimi nilijifunza kuweka makalio kwanza, kisha miguu.

Kuna kasoro moja ya ILCA ambayo lazima niiseme waziwazi, maana anayeanza huteseka nayo akidhani kosa ni lake. Demani, kamba ya kuongozea tanga, kwa nyuma inapita kwenye kamba iliyofungwa juu ya tezi. Ukiwa na upepo wa nyuma na ukageuza, tanga linavuka, demani inalegea, inashuka nyuma na kunasa kwenye pembe ya boti. Sasa tanga limefungwa nusu njia, boti inaendelea kugeuka, na wewe unaangukia upande usioutarajia. Dawa yake: tanga likianza tu kuvuka, vuta demani kwa mkupuo mmoja mfupi, kama anayekung'uta kamba ya nguo, ili iruke juu ya pembe. Fanya hivyo mara mia mbili ufukweni mwa nyumbani, upepo ukiwa mdogo, kabla hujaenda kwenye mashindano. Boti imekuwepo zaidi ya miaka 50 na pembe hiyo bado inanasa kamba.

Zote mbili hazina nyaya za kushikilia mlingoti. Hili ni jambo jema kwa upepo wa nyuma, kwa kuwa unaweza kuliachia tanga hadi lipite usawa wa mbele na kwenda kwa upande wa kinyume, na mabingwa wengi wanashinda hapo. Robert Scheidt wa Brazil, aliyechukua dhahabu ya Laser mwaka 1996 na 2004, alikuwa wa kuogopwa kwenye mwendo huo.

Mwili wako na tanga lako

Boti zote mbili zina akili ileile: umbo moja, matanga ya ukubwa tofauti. ILCA 4 ina mita za mraba 4.7 na inawafaa vijana wanaotoka kwenye Optimist. ILCA 6 inawafaa watu wa kilo 60 hadi 70 na kidogo. ILCA 7 inamtaka mtu wa kilo 80 na ushee, tena mwenye mapaja. Upande wa Aero kuna 5, 6, 7 na 9, hiyo 9 ikiwa na mita za mraba 8.9, na ndiyo boti pekee kati ya hizi ambayo ningempa mwanamume wa kilo 95 bila kusita. Kwenye ILCA 7 na upepo mdogo wa asubuhi, mtu huyo anaburuta bahari.

Kwa watu wenye umri mkubwa sina ubishi: Aero. Mgongo wa miaka 60 unaweza kuishusha na kuipandisha boti hiyo bila kuita vijana wawili, na mtu anayeweza kutoka bila kumsubiri mtu anatoka mara nyingi zaidi. Wapo watu waliokuwa wazuri sana majini wakaacha kabisa kwa sababu ya mita mia za mchanga.

Vipuri

Hapa ndipo moyo wangu unarudi kwenye ILCA. Kipande cha juu cha alumini kikipinda kwa upepo mkali, unakinyoosha kwa magoti na mti wa mnazi, na unaendelea. Kamba unanunua dukani, pulia unaazima. Kwenye klabu za Dar es Salaam na Mombasa Laser zimekuwepo muda mrefu, na nyuma ya banda hukosi kipande cha mlingoti, usukani mkuukuu au tanga la mazoezi ambalo mtu yuko tayari kuliachia.

Kaboni ikipasuka, imepasuka. Unaagiza Ulaya, unalipia mzigo mrefu ambao mashirika ya ndege hayapendi kuubeba, unalipia ushuru, unasubiri, na msimu wa kaskazi unaisha ukiwa unaangalia wenzako. Hata mkwaruzo wa matumbawe kwenye umbo jepesi la Aero unataka fundi anayeijua epoksi, siyo yule wa boti za uvuvi anayebandika faiba kwa polista. Ukikaa Uingereza au Uholanzi, ambako vipuri vinafika kwa posta, aya hii haikuhusu, na jibu lako linaweza kuwa tofauti kabisa na la ndugu yako wa Tanga.

Alumini nayo ina adui wake, chumvi. Usiache vipande viwili vya mlingoti vimeingiliana usiku kucha. Chumvi inavishikanisha, na baada ya mwezi hata watu wanne hawavitenganishi. Vitenganishe kila siku, vimwagie maji yasiyo na chumvi.

Ningechagua ipi

Kama wewe ni kijana wa Afrika Mashariki na unaota mashindano makubwa, chukua ILCA, wala usipoteze muda kufikiria. Ndiyo boti ya Olimpiki, hadi Los Angeles 2028 ikiwemo, na ndiyo njia ambayo majirani zetu wamepita. Deizy Nhaquile wa Msumbiji alifika Tokyo na Paris kwa boti ya tanga la kati, hii hii ILCA 6. Allan Julie wa Ushelisheli aliipeperusha bendera ya visiwa vyake kwa Laser zaidi ya Olimpiki moja. Hao ni watu wa bahari yetu. Aero ingekuwa bora mara mbili bado isingekufikisha huko leo.

Kama unataka resi ya kila Jumamosi, hesabu boti zilizoko kwenye klabu yako. Zikiwa Laser tano, nunua ya sita. Nimeshiriki resi za mchanganyiko ambako unamaliza, unapanda ufukweni, unakaa na soda ukisubiri mtu apige hesabu za dakika na namba ili ujue kama umeshinda. Hakuna kelele, hakuna aliyekupita kwenye boya la mwisho kwa urefu wa omo. Siwezi kuifananisha na Laser tatu zinazofika kwenye boya kwa pamoja, watu wanapigiana kelele za njia, mtu mmoja amebana nafasi ya ndani karibu na boya na wewe unajua alivyokufanyia mara ya mwisho.

Kama mko marafiki wanne au watano mnaotaka kuanza upya, mna uwezo, na mko tayari kuagiza kontena moja pamoja na mlingoti wa akiba, chukueni Aero nyote kwa pamoja. Nasema hivi kwa dhati. Ni boti nzuri zaidi, kina dada wepesi na wazee wanashindana nayo bila kuonewa, na mchanga wa bamvu hautawashinda. Lakini kwa pamoja. Mmoja wenu akiagiza peke yake akisema wengine watafuata, atakaa na boti nzuri isiyo na mwenzake.

Kwa kuwa wengi mtaishia kwenye Laser ya mkono wa pili, hili la mwisho ni la kufanya kabla ya kutoa pesa. Mimi nilinunua ya kwanza bila kulifanya. Siku moja yenye upepo nikiwa nabisha, sehemu unapokaa mlingoti ikapasuka kwa ndani, mlingoti ukang'oa sitaha mbele ya macho yangu.

Bonyeza sitaha kwa kisigino kila mahali. Ikibonyea kama mkate, povu limeachana na faiba. Inua omo usikilize kama kuna maji yanayotembea ndani. Pima kwa mizani kama ipo. Boti kavu ni kilo 59, na ikifika 65 imekunywa. Kisha chukua chupa, jaza maji lile shimo la mlingoti hadi karibu na ukingo, weka alama ya penseli pale maji yalipofika. Nenda kanywe chai na mwenye boti, mwulize habari za familia, usiharakishe. Dakika 15 zikipita rudi uangalie. Maji yakiwa yameshuka, yamepita kwenye ufa na kuingia ndani ya boti, na hiyo ndiyo sehemu iliyoning'okea mimi. Yakiwa kwenye alama yako palepale, mnaweza kuanza kuongea bei.